Dirisha Linalopanda Juu

Liège, tarehe 11 Februari 2024

Mdogo wangu Jeanine,

Salamu kwako na kwa shemeji Lionel, na kwa Mama salamu zaidi ya zote. Mimi mzima, isipokuwa masikio, ambayo baridi ya huku inayatafuna kila asubuhi. Nimesikia Abbé Nicolas amerudi parokiani, na mbuzi wa Mama kule Mahagi amezaa mapacha. Mungu asifiwe. Mwambie Mama asimgawie mtu hata mmoja mpaka nije.

Ninatumia karatasi kwa sababu kwenye simu hatuwezi kuzungumza. Nikisema "allô" tu, Mama anaweka haut-parleur, kipaza sauti cha simu, jirani wa kushoto anasalimu, wa kulia anasalimu, kuku wanasalimu, na neno lenyewe linabaki kooni. Rafiki yangu Patou wa hapa Liège anapita Kampala, atampa mtu wa Mahagi barua hii.

Neno lenyewe ni madirisha. Nyumba mpya ya Mama hapo Bunia, mtaa wa Mudzipela, imepata mabati, umefanya kazi ya wanaume wawili na ninakushukuru. Lakini kwenye madirisha, tafadhali, mnisikilize mimi. Unajua kazi yangu huku ndiyo hiyo, kufunga madirisha kwenye nyumba za watu. Sitaki Mama yangu alale nyuma ya zile mbao mbili zinazosukumwa nje na kugongwa na kila mpita njia.

Dirisha la Ulaya linafungukia ndani. Ndani, Jeanine! Unageuza mkono wake, linakujia kama mlango. Ukiugeuza zaidi, linainama kidogo kwa upande wa juu tu, hewa inaingia na mwizi anabaki nje na hasira zake. Kioo cha nje unakiosha ukiwa chumbani kwako na kandambili. Halafu kwa nje kuna volet, vipande vya chuma vinavyojikunja ndani ya sanduku juu ya dirisha. Jioni unavuta mkanda, vinashuka grrr, na mtaa mzima unafumba macho kwa pamoja. Nyumba isiyo na volet ni mtu asiye na kope.

Nimechora kila kitu kwenye karatasi ya pili. Mpe soudeur, fundi wa kuchomelea, afuate bila kuongeza akili zake.

Mama alisema hatalala katika nyumba ile mpaka mimi mwenyewe nifungue dirisha la chumba chake. Mwambie neno langu liko palepale. Noeli niko Bunia.

Ndugu yako,
Jérôme


Bunia, tarehe 24 Machi 2024

Yaya Jérôme,

Tunakusalimu wote, kaka yangu mkubwa. Mvua zimeanza, vumbi jekundu limekuwa matope mekundu, na hayo ndiyo maendeleo ya barabara yetu. Mapacha wa mbuzi wanakua vizuri. Lionel anakusalimu akiwa jikoni, maana siku hizi anavalia shati huko. Salon, sebule yetu, ni ya Mama. Kitanda chake kiko pale, redio yake, gunia lake la maharagwe ya Kpandroma, na rozari ya alfajiri anayoisali kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Nampenda Mama. Nakuambia waziwazi kwamba nampenda, na nataka salon yangu.

Kwa hiyo Noeli si mchezo, Yaya. Nilimwomba ahamie kwake tukishaweka madirisha, akakataa. Unajua sababu. Tangu Mjomba Léon alipokwenda Amerika tukiwa wadogo, akamwambia dada yake "ninarudi mwaka ujao", na hadi leo hatujui hata kama ana mvi, Mama haamini mtu wa mbali mpaka amshike mkono. Juzi alimwambia mke wa jirani: "Bulaya iko muzuri kidogo. Banarudishaka batu, hata kwa nguvu. Lakini Amerika? Ile inameza tu." Ndivyo anavyojifariji kwamba wewe uko Liège.

Sasa mchoro wako. Paluku, soudeur wetu, aliutazama juu, akaugeuza, akautazama chini. Kwa kumridhisha Mama akatengeneza mfano wa mbao na bawaba, akaufunga kwenye chumba cha Mama kule Mudzipela, ambako meza yake imetangulia, akaufungulia ndani kama ulivyoagiza. Ulifagia meza. Thermos ilikwenda, vikombe vilikwenda, na Bikira Maria, ile sanamu ya Mama, alikuwa njiani kuvifuata Lionel alipomdaka hewani. Ni mara ya kwanza Mama kumsifu mume wangu, kwa hiyo mchoro wako umetusaidia upande huo.

Lakini Mama akakasirika. "Dirisha inafungukia mu nyumba, inatafuta nini mu nyumba? Batu iko inje! Na rideau, pazia yangu, nitaweka wapi? Na maziwa yangu nitapozesha wapi?" Kisha akaongeza: "Jérôme yeye anaishi mu dirisha ya namna hii? Maskini mutoto wangu."

Kuhusu volet hakukataa. Alipenda ile grrr. Paluku naye alifurahi, akasema hicho kitu anakijua vizuri, amekwisha kutengeneza vingi hapa mjini. Tutaanza na dirisha kubwa la mbele linalotazama barabara.

Mdogo wako,
Jeanine


Liège, tarehe 5 Mei 2024

Jeanine,

Salamu kwa wote. Ninaandika kwa haraka, ninahama nyumba na vitu vyangu viko ndani ya mifuko. Kamera ya simu yangu imekufa, kwa hiyo Mama asishangae nikimpigia bila uso. Barua zako endelea kumpelekea Patou, atanipatia.

Volet vizuri. Ila neno moja, na hili ni amri ya mtoto wa kwanza. Mama amefanya biashara maisha yake yote, ameuza samaki wa ziwa, ameuza maharage, amebeba mizigo Mahagi na kurudi. Basi. Nyumba ile ni ya kupumzika. Sitaki kusikia Mama anauza kitu hata kimoja pale.

J.


Bunia, tarehe 30 Juni 2024

Yaya Jérôme,

Habari za kuhama? Umefika kwenye nyumba mpya, ama bado uko kwenye mifuko? Huku tu wazima. Lionel alikuwa na malaria, ikapita. Mapacha wa mbuzi wamekuwa mmoja. Mwingine aliingia kwenye harusi ya binti wa Véronique, jirani wetu wa Mahagi, na hakutoka.

Volet tumeiweka. Siku ya kwanza nilikwenda kuifungua na Mama asubuhi. Nikaivuta juu, grrr, na kabla haijafika mwisho mtu wa moto, dereva wa pikipiki, alikuwa amesimama mbele yangu. "Mama, iko na unité ya simu?" Nikamwambia hii ni nyumba ya mtu. Akanitazama, akatazama volet, akatabasamu kama nimemtania. "Basi leta sigara mbili." Nyuma yake alikuja Fifi wa saluni ya ng'ambo akitaka sabuni. Nyuma ya Fifi, mwalimu akitaka sukari, tena akasema amefurahi, maana upande huu wa Mudzipela ulikuwa na upungufu.

Ndipo akili ikanijia. Yaya, toka uwanja wa ndege mpaka soko kuu, nani ana chuma kinachojikunja juu ya dirisha? Boutique. Boutique peke yake, duka la mtaani. Vile vingi alivyotengeneza Paluku, ndiko alikovitengenezea. Umetuchorea boutique, na Paluku amekuchongea boutique nzuri kabisa. Hata mtu wa taxe, wa kodi, alisimama, akatazama, akauliza ufunguzi ni lini.

Mama alikuwa nyuma yangu. Alikuwa anawatazama wale watu, na mimi nilikuwa namtazama yeye, na sikupenda jinsi macho yake yalivyokuwa yanang'aa.

Sasa kila asubuhi anakwenda kulinda nyumba, na jioni anarudi kulala kwenye salon yangu. Anapumzika sana. Kuhusu sukari usiniulize.

Jambo moja linanisumbua. Juzi ulipiga simu tukiwa kwenye chakula cha mchana, na wewe ulikuwa unapiga miayo kama mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Nikakuuliza kama unaumwa, ukasema "hapana, ni saa hii tu". Saa gani hiyo? Pumzika, Yaya. Na umrudishie Mama uso wako, simu isiyo na uso inamtia wasiwasi.

Jeanine


Liège, tarehe 18 Agosti 2024

Mdogo wangu Jeanine,

Pole kwa kuchelewa, na pole kwa shemeji. Huku ni joto, joto la kunata, linatoka kwenye mahindi moja kwa moja. Mimi mzima. Kwa yule mbuzi nimeumia, lakini harusi ni harusi.

Boutique! Nilicheka peke yangu mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha nikafikiri upya jambo lote la madirisha, na ninakuomba usahau ule mchoro wa Februari. Nilikuwa nimekosea.

Dirisha la kweli halifungukii ndani wala nje. Linapanda juu. Ni vioo viwili, kimoja juu ya kingine. Unashika kile cha chini, unakisukuma, kinapanda na kukaa mbele ya mwenzake. Thermos ya Mama salama, Bikira Maria salama, mpita njia salama. Ni kweli halifunguki zaidi ya nusu, lakini mtu mmoja anahitaji hewa kiasi gani? Tena kwa nje kuna wavu wa mbu uliokaa kwenye fremu yake majira yote ya joto. Mbu wa huku ni wakubwa, wanaweza kubeba mkoba.

Volet usiniambie tena. Hapa kwetu ziko, mbao nzuri zenye rangi, moja kila upande wa dirisha, ila zimepigiliwa misumari ukutani. Hazifungi. Nilimwuliza mwenye nyumba mmoja zinafanya kazi gani, akasema zinapendeza. Giza watu wanalitengeneza kwa ndani: vibapa vyembamba vimelala kimoja juu ya kingine kama ngazi, vina kamba pembeni. Ukivuta kamba hii vinapanda, ukizungusha kijiti vinageuka, unaona nje na wa nje hakuoni. Kwa Mama hiyo ndiyo zawadi. Atachungulia Mudzipela yote bila mtu kujua.

Na wenye joto jingi wanaweka mashine ya baridi palepale dirishani, nusu ndani, nusu nje, imekaa kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Ukipita chini yake inakudondoshea maji kichwani.

Nimechora tena. Mwambie Paluku chumba cha Mama akifanye hivi.

Noeli tutaona. Namaanisha, tutaonana.

Jérôme


Bunia, tarehe 22 Septemba 2024

Yaya Jérôme,

Salamu za nyumbani. Mama mzima, Lionel mzima, mbuzi aliyebaki mzima na amenona, maana Mama amemtuma mtu Mahagi aseme wazi kwamba huyo ni wa Noeli, ni wa kwako, na atakayemgusa ataonana naye. Ameshona rideau za chumba chako. Amewaambia watu wa misa ya kwanza na watu wa misa ya pili kwamba mtoto wake anakuja.

Nimeanza na hayo ili ujue ninakuuliza nikiwa wapi.

Uko wapi?

Mwezi wa pili uliniandikia kwamba Liège nzima inafumba macho jioni. Sasa Liège hiyohiyo imepigilia kope zake misumari. Mwezi wa pili dirisha lilikujia, sasa linapanda. Tangu utoke hapa unatuambia Ulaya hakuna mbu, sasa wanabeba mikoba. Na mahindi, Yaya! Mahindi yameingiaje mjini Liège?

Nilikwenda na barua yako kwa Abbé Nicolas, ambaye alisoma hukohuko Ubelgiji miaka ya kutosha. Niliifunika chini na juu, nikamwonyesha ule ukurasa wa madirisha tu, nikasema ni wa Liège. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani.

"Jeanine, hii Liège iko upande gani?"

"Miye nauliza weye, Abbé."

"Nimekaa kule, nimelala mu nyumba mingi. Dirisha ya kupanda sijaonaka hata moja. Na ile mashine ya kukaa mu dirisha, naonaka mu filme tu." Akanirudishia karatasi taratibu. "Mu filme ya Amerika."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nakumbuka miayo yako ya mchana. Nakumbuka kamera iliyokufa wakati wa kuhama, na hakuna fundi wa simu katika Ulaya nzima aliyeweza kuifufua. Mtu wa madirisha, tena mwenye majivuno kama wewe, hawezi kubadili dini yake ya dirisha kwa miezi sita bila kubadili nchi.

Mama hajui kitu. Chumba chake Paluku amekifanya kama ulivyochora, dirisha la kupanda, mbao na vioo. Limekaa limefungwa linakungoja wewe, maana ndivyo alivyoapa. Anapita mbele yake kila asubuhi na kulipangusa vumbi kwa kanga.

Kama ni kweli ninayofikiri, niambie mimi kwanza. Nina hasira nawe, lakini hasira yangu inaweza kusubiri. Mama ndiye asiyeweza kungoja mtu asiyekuja.

Jeanine


Des Moines, Iowa, Amerika, tarehe 27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Jeanine,

Umeona nilivyoandika juu. Imenichukua muda mrefu kuandika mstari huo kuliko barua nzima.

Niko Amerika tangu mwezi wa nne. Liège karatasi zangu zilikuwa zinaisha, kazi ilikuwa inaisha, na binamu ya Patou aliniita huku. Niliingia kwa viza ya kutembea, nikaomba kubaki. Ombi limepokelewa, ninafanya kazi, lakini avoka, wakili wangu, ameniambia neno moja bila kuzungusha: nikitoka nchini kabla ya jibu, mlango unafungwa nyuma yangu. Na jibu linaweza kuchukua miaka. Kwa hiyo Noeli siji. Wala Noeli ijayo sikuahidi.

Barua zangu nilizituma kwa Patou azipitishe, ili zikufikie kama zimetoka Liège. Nilifikiri nimekuwa mjanja. Sikujua madirisha yatanisaliti.

Ngoja nikuambie jambo la kukuchekesha, maana najua sasa hivi huchekeshwi na kitu. Siku nilipoanza kazi huku niliwaambia wenzangu kwamba mimi ni fundi wa Ulaya, watulie wanione. Tukafika kwa bibi mmoja mzee, akaniomba nimfungulie dirisha la jikoni. Nikalishika, nikalivuta kwangu kama mtu anayejua. Halikuja. Nikafikiri limekwama, nikaweka mguu ukutani, nikavuta kwa uzito wa Mahagi yote. Likaja, Jeanine. Lilikuja na fremu, na wavu, na kipande cha ukuta. Nilibaki nimelikumbatia katikati ya jikoni. Bibi yule akasema polepole, akinionyesha kwa kidole: juu. Hadi leo kazini wananiita "Vuta".

Sikukwambia kwa sababu ya jina la Amerika kinywani mwa Mama. Nilimsikia tangu utoto akilisema, na kila mara alilisema akitazama pembeni. Liège nilipoiaga, sikulia. Nililia kwenye ndege, nilipowaza Mama atanitaja sasa kwa sauti ile anayomtajia Mjomba Léon.

Mimi si Mjomba Léon. Lakini sijui nitamthibitishiaje, kama yeye naye alikuwa na maneno mazuri.

Msomee wewe. Kwenye simu siwezi, na mbele ya haut-parleur ndiyo kabisa. Mwambie ahamie kwake, kiapo nimekivunja mimi, dhambi ni yangu. Rideau za chumba changu awape wageni.

Ninakuomba msamaha. Sema na Lionel pia, najua anavalia wapi shati.

Jérôme


Bunia, tarehe 12 Januari 2025

Yaya Jérôme,

Heri ya mwaka mpya. Tu wazima wote. Mvua zimekatika na vumbi limerudi mahali pake, yaani juu ya kila kitu. Barua yako ilifika wiki ya mwisho ya Novemba, na nilikaa nayo ndani ya kitenge mpaka Noeli ikakaribia na sikuweza tena.

Kwanza lazima nikuambie mahali nilipomsomea, na ukasirike haraka ili tuendelee. Nilimsomea dukani. Ndiyo. Tangu Juni Mama anauza pale kwenye dirisha la mbele sukari, chumvi, sabuni, unité, na beignets, maandazi ambayo watu wanatoka hata mtaa wa Nyakasanza kuyafuata. Nyumba ya kupumzika umeichora wewe mwenyewe na volet yake. Mimi nilikuwa nakwambia anapumzika, na kweli alikuwa ameketi.

Nilimkuta anampimia sukari Assani, mchimba dhahabu, anayenunua nyingi akirudi Mongbwalu. Nikasema, Mama, kuna barua ya Yaya. Akasema soma, mikono inafanya kazi, masikio iko bule. Nikasoma. Nilipofika kwenye Amerika, mkono wake uliendelea kuchota na kumimina, kuchota na kumimina, mpaka mfuko ukajaa na sukari ikaanza kumwagika kwenye ubao. Assani alikuwa anaona. Alishika mfuko kwa mikono miwili, na nilipomaliza kusoma akamwambia tu, "Pole, Mama," akarudisha ile iliyozidi kwenye gunia, kiganja kwa kiganja.

Mama akashusha volet mchana. Grrr. Wateja waligonga, hakufungua. Tulikaa gizani mimi na yeye. Hilo giza lako la Ulaya, Yaya, ni kweli hata kidole hukioni, lakini mtu anayelia unamsikia vizuri sana. Mimi pia nililia. Nilikukasirikia na nikakuhurumia kwa wakati mmoja, na sikujua kwamba inawezekana.

Baadaye akauliza: "Ile bibi, alimufukuza?"

"Bibi gani?"

"Mwenye dirisha. Jérôme alibomolea yeye ukuta."

Nikatazama barua, nikamwambia haijasema. Akasema, "Basi hakumufukuza. Angesema." Akapangusa uso. "Léon hata siku moja hakuniandikiaka bitu ya haya. Léon yeye iko muzuri tu, iko salama tu, kazi muzuri, nyumba muzuri. Mpaka akanyamaza." Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea kwenye giza lile. Alikuwa anacheka. "Mutoto wa Mahagi! Anavuta dirisha ya mutu na ukuta!"

Sikuelewa hapo hapo, nilielewa nikiwa njiani kurudi nyumbani. Umemwambia aibu yako, kwa hiyo anakuamini.

Lakini usidhani amekusamehe kwa siku moja. Kwa siku kadhaa ulipopiga simu alinipa mimi, akasema yeye ana wateja. Siku ya mkesha wa Noeli, Lionel aliporudi kazini, alimkuta Mama ameketi juu ya gunia la maharage mlangoni kwetu, kitanda kimefunguliwa, redio mapajani. Lionel akaogopa, akafikiri tumegombana. "Beba," Mama akamwambia. Lionel akamwuliza wapi. "Kwangu. Kama ni kungojea, nitangojea mu nyumba yangu. Kungojea mu salon ya mutu inachosha."

Tulihamisha vitu kwa moto mbili. Kufika chumbani, Mama akatutoa sote, akasimama mbele ya dirisha lako. Alilishika chini kama barua yako ilivyosema, akasukuma. Lilikataa, mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua za Novemba. Nikataka kumsaidia, akanikatalia. Lionel akataka, akamkatalia zaidi. Alisukuma mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani, na hatimaye likapanda kwa kelele mbaya kama nguruwe, likafika juu, likakwama hapo. Akatoa kichwa nje. Akawasalimu jirani wote kwa majina. Yule mbuzi tulimla kesho yake, samahani, na hata Abbé Nicolas alikuja.

Sasa salon ni yangu. Lionel anavaa shati katikati yake kwa mikogo. Na mimi asubuhi nakaa pale bila rozari ya mtu, kisha nakwenda Mudzipela kwa kisingizio cha beignets.

Tatizo ni lile dirisha. Halishuki. Wiki iliyopita mvua moja iliyopotea njia ilipiga, ikaingia mpaka kitandani. Nikamwita Paluku, akaja na randa yake, akasema ni kazi ndogo, atakwangua pembeni mara mbili, litashuka. Mama alikuwa dukani. Alipomsikia akaacha wateja, akaja mbio, akamkamata mkono.

"Acha, Paluku. Usiguse."

"Mama, utalala mu mvua?"

"Nitalala mu mvua. Hii dirisha iko na fundi wake. Iko mu njia."

Paluku akanitazama mimi. Nikamwambia afunge randa. Tumesogeza kitanda upande mwingine, na chini ya dirisha nimeweka beseni. Mvua kubwa za Machi zinakuja, Yaya, na kazi yako inakungoja.

Jeanine